Utulivu wa Moyo Si Imani

Siku hizi tunafundishwa, hata makanisani, kufumba macho, kupumua polepole, kujiona tayari tumepona au tumefanikiwa, na kujitamkia hivyo mpaka moyo utulie. Wengine wanaiita imani. Sisi tunasema siyo.

Mbinu hiyo si ngeni. Miaka mia moja hivi iliyopita Émile Coué, mfamasia wa Nancy huko Ufaransa, aliwafundisha watu kujiambia asubuhi na usiku, mara 20, kwamba hali yao inazidi kuwa njema, wakihesabu kwa kamba yenye mafundo 20. Yeye aliiita kwa jina lake: mtu kujishawishi mwenyewe. Sisi ndio tuliomvika joho la kichungaji.

Hatukatai kuutuliza mwili. Aliyekosa usingizi akipumua taratibu akalala, na amshukuru Mungu. Lakini mama aliyemzika mwanawe akiambiwa kwamba mtoto angepona kama yeye angemwona mzima kwa macho ya imani, huo ni ukatili. Anabebeshwa kifo ambacho si kosa lake.

Eliya alipochoka chini ya mretemu, hakuagizwa ajione mshindi. Alilala, akapewa mkate na maji, na baadaye Bwana akasema naye. Msaada ulitoka nje yake. Ndivyo tulivyopokea Ubatizo, na ndivyo tunavyoijia Meza ya Bwana: mikono mitupu. Imani yetu inashika ahadi ya Kristo, hata usiku ambao moyo umekataa kutulia.