Udongo Haulindwi kwa Fimbo

Ndugu wananchi wa Kindu! Kila mvua kubwa inachukua udongo wetu na kuutupa Lualaba. Maji yasiyo na mfereji yanageuza njia kuwa korongo, na korongo halibishi hodi mlangoni.

Wengine wanasema: "Watu walazimishwe kazi." Sisi tunakataa. Fimbo tunaijua. Kwa amri ya Wabelgiji ya mwaka 1933, wazee wetu walilimishwa mazao ya lazima hadi siku 60 kwa mwaka. Baadaye Mobutu akaleta Salongo. Kazi ya kuamriwa hukoma msimamizi akigeuza mgongo.

Tutazame jirani. Mwaka 1955 Waluguru wa Tanganyika walikataa matuta ya Mwingereza. Hawakuwa wavivu: matuta yale yalileta juu udongo usio na rutuba. Lakini Machakos, Kenya, watu walioyachukia matuta ya lazima walikuja kuyachimba wenyewe, ya "fanya juu", kwa sababu shamba ni lao na mavuno ni yao.

Basi tunadai: Serikali ijenge mifereji mikubwa ya mawe, maana hiyo inapita nguvu za jembe. Nasi, katika Kasuku, Mikelenge na Alunguli, kila avenyu ichague kamati yake, izibue mitaro, ipande nyasi na mianzi kandokando ya makorongo.

Nchi ni udongo, ndugu. Ukienda wote na mto, uhuru wetu tutausimamisha wapi?