Mpaka, Shamba na Daftari

Siku hizi hata huku vijijini zipo shule na zahanati zinazoweka habari zao katika kompyuta. Huenda mwanao ndiye mtunzaji wa seva, yaani kompyuta inayozihudumia nyingine. Akirudi nyumbani usiku na kusema, "Mama, nimepanua sehemu ya diski, na sasa seva yakataa kuwaka," msomee maneno haya.

Kwanza, asifute kitu. Mara nyingi habari zote zimo salama. Kilichovunjika ni mapatano tu. Diski ni kama shamba lililogawanywa. Pana mpaka, yaani ukubwa wa kila sehemu. Pana kilimo ndani yake, yaani mfumo wa mafaili. Na pana daftari la mashamba. Vitatu hivi visipopatana, mashine hukwama.

Tuanze na daftari. Katika seva za Linux, daftari ni faili liitwalo /etc/fstab. Mara nyingi kila sehemu hutajwa humo kwa namba yake, UUID. Kupanua peke yake hakubadili namba hiyo. Lakini siku moja, nikisaidia shule fulani, niliweka kando alama za mitihani ya watoto, nikafuta sehemu ndogo, nikatengeneza kubwa mahali pake, kisha nikazirudisha. Sehemu mpya ilipata namba mpya. Daftari lilishika ya zamani. Nilipoiwasha, seva ilingoja dakika moja na nusu, ikasimama katika hali ya dharura na kuniomba neno la siri. Nilikuwa karibu kufuta yote nianze upya. Kumbe dawa ilikuwa mstari mmoja! Andika blkid uone namba ya kweli. Isahihishe katika daftari. Kisha andika mount -a. Isipolalamika, washa upya.

Seva iliwaka, lakini ukurasa wa matokeo ulileta kosa 500. Nilisoma kumbukumbu za makosa katika /var/log, nikaona sababu: nilinakili mafaili bila kutunza wenyewe na ruhusa zao, basi programu ikazuiwa mlangoni. Unaponakili, tumia cp -a.

Sasa mpaka na kilimo. Pengine lsblk yasema sehemu ni GB 100, lakini df yasema 50 tu, na programu zalia kwamba diski imejaa. Mpaka umesogezwa, kilimo hakijaufikia. Kwa ext4 tumia resize2fs. Kwa XFS tumia xfs_growfs.

Shika utaratibu huu. Ukipanua, mpaka kwanza, kilimo baadaye. Ukipunguza ext4, kilimo kwanza, mpaka baadaye, na sehemu hiyo iwe haitumiki. Anayeanza na mpaka wakati wa kupunguza huyaacha mazao nje ya ua, na mfumo hukataa kufunguka. Likimpata hilo, asiandike kitu chochote humo. Aurudishe mpaka pale pale ulipokuwa.

Na kabla ya kugusa chochote, weka nakala katika diski nyingine, tena ujaribu kuifungua. Zile alama zilikuwa kazi ya mwaka mzima ya watoto wa watu. Tahadhari kabla ya hatari.

Tuonane juma lijalo.