Lori Lililosimama

Msomaji, huenda umepata kuyaona malori yaliyojipanga usiku pale Mtito Andei, madereva wamelala ndani. Aghalabu kila lori lina chombo kidogo kimpashacho tajiri habari: liko wapi, laenda kasi gani, limesimama muda gani. Programu huzikusanya habari za malori yote zikawa hesabu moja. Silaumu chombo, kimekwisha kuwafichua wezi wa mizigo. Nalaumu swali la tajiri.

Yeye huuliza, "Mbona limesimama?" Haulizi kamwe, "Mbona halijasimama?" Nayo Sheria ya Trafiki, tangu marekebisho ya 2012, yamkataza dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 katika saa 24. Piga hesabu mwenyewe. Mombasa hadi Malaba mpakani ni zaidi ya kilomita 900. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, saa 8 zamfikisha kilomita 640, nami sijataja foleni ya mizani wala sahani ya ugali. Hana budi kulala njiani.

Tajiri atasema mzigo una haraka. Lakini programu ihesabuyo dakika za lori kusimama yahesabu pia saa za dereva kukesha, na hesabu hiyo i mezani pake kila asubuhi. Ajali itokeapo, asituambie kwamba hakujua.