Mzazi na Gredi ya Kwanza

Mzazi wa Junda ampelekaye mwanawe gredi ya kwanza yafaa ajue kuwa mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika nchini kote mwaka wa 2019, si ule aliofundishwa yeye. Shule ya msingi sasa ni miaka 6, na mtihani wa KCPE ulifanywa mara ya mwisho mwaka wa 2023. Mtoto hufundishwa kusoma, kuandika na hesabu. Pia huchunguza mazingira, huimba na kuchora. Basi akiomba vifuu au makuti ya kazi ya darasani, asikemewe kuwa anacheza. Wala asiulizwe tu, "Umekuwa wa ngapi?" Aambiwe, "Hebu nisomee." Hata mzazi asiyejua herufi atasikia pale mtoto anapokwama, ndipo amwendee mwalimu mapema, kwani samaki mkunje angali mbichi.