Prosesa mpya 'inakuja': mwenye steshenari Katesh asubiri au anunue?

MAVUNO yakishauzwa, wakulima na wafanyabiashara wadogo wa Mbulu na Hanang huanza kupanga fedha ipelekwe wapi. Wapo wanaoongeza ng'ombe, wapo wanaopaua nyumba, na siku hizi wapo wanaofungua steshenari. Sababu inaeleweka. Maombi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, maombi ya ajira serikalini, namba ya mlipakodi ya TRA, leseni za biashara kupitia mfumo wa Tausi na zabuni za serikali kupitia mfumo wa NeST, yote hayo sasa yanapita kwenye kompyuta. Katesh, Mbulu mjini, Haydom na Dongobesh, kazi hiyo ipo.

Lakini mnunuzi akifika kwa fundi au kwa kijana anayefuatilia habari za kompyuta, mara nyingi huambiwa, "Usinunue sasa, subiri, kuna prosesa mpya inakuja, hizi za sasa zitashuka bei." Mkulima anarudi nyumbani na fedha yake. Baada ya miezi michache fedha imeingia kwenye ada, msiba na mbolea, na kompyuta haijanunuliwa.

Makala haya yanachambua uvumi huo kwa jicho la kiuchumi. Je, una ukweli kiasi gani, na mtu wa Hanang anafaidika nini kwa kusubiri?

Uvumi unatoka wapi

Prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta. Kwa kompyuta za ofisini na nyumbani, soko kubwa la prosesa hizo kwa miaka mingi limekuwa la kampuni mbili za Marekani, Intel na AMD. Kila moja ina mashabiki wake duniani, na ushabiki huo haupishani sana na wa Simba na Yanga. Kabla ya prosesa kutoka, maneno huanza mwaka mmoja au miwili mapema, kama vile dirisha la usajili linapokaribia na kila shabiki ana jina la mshambuliaji "aliyeshasaini".

Mwaka 2025, kwa mfano, mazungumzo yalikuwa juu ya Nova Lake ya Intel na Zen 6 ya AMD. Uvumi ulidai kwamba Nova Lake ingefika hadi viini 52, kiini kikiwa ni sehemu ya prosesa inayofanya kazi kama mfanyakazi mmoja anayejitegemea. Kwa mwenye steshenari, kuchapa barua, kujaza fomu na kuprinti kunahitaji viini vinne tu, na hata viwili vinaweza kutosha. Viini 52 kwa kazi hiyo ni sawa na kukodi trekta kubwa kwenda kulima bustani ya mchicha.

Historia inasemaje

Uvumi wa prosesa umewahi kutimia, na umewahi kuwaacha watu kwenye mataa.

Wapenzi wa AMD waliisubiri prosesa iliyoitwa Bulldozer kwa miaka kadhaa, wakiambiana kwamba ingeivua Intel ubingwa. Ilipotoka Oktoba 2011, katika baadhi ya kazi ilishindwa hata na prosesa za zamani za AMD yenyewe. Mwaka 2019 AMD ilikubali kulipa dola milioni 12.1 kumaliza kesi ya wanunuzi waliodai kwamba prosesa hizo zilitangazwa kuwa na viini vinane isivyo sahihi.

Kwa upande mwingine, prosesa za Ryzen za AMD zilipotoka Machi 2017, waliosubiri walipata walichokitaka. Prosesa ya viini vinane iliuzwa chini ya dola 500, wakati ya Intel yenye idadi hiyo ilikuwa zaidi ya dola 1,000. Ushindani ulirudi, na mwaka huo huo Intel nayo ikaongeza viini kwenye prosesa zake za kawaida.

Tarehe nazo huteleza. Intel ilitarajia teknolojia yake ya nanomita 10 iwe tayari kufikia mwaka 2016, lakini prosesa zake zikaingia sokoni kwa wingi mwaka 2019. Aliyeahirisha kununua kwa sababu hiyo alikaa miaka mitatu bila kifaa. Isitoshe, mnunuzi wa kwanza ndiye anayekutana na kasoro. Mwaka 2024 Intel ilikiri tatizo la umeme kuzidi kiwango katika baadhi ya prosesa za kompyuta za mezani za kizazi cha 13 na cha 14, ikatoa marekebisho na kuongeza muda wa dhamana kwa miaka miwili.

Kinachofika Hanang si kipya

Hapa ndipo penye kiini cha hoja. Kompyuta nyingi zinazonunuliwa na wafanyabiashara wadogo ni za mtumba. Zilitumika kwanza katika ofisi za Ulaya, Marekani au Asia, zikauzwa kwa jumla baada ya miaka kadhaa, zikapita kwa wafanyabiashara wa Dubai au kwingineko, zikafika Dar es Salaam, kisha Arusha na Babati, na ndipo zikaingia Katesh au Mbulu.

Maana yake ni kwamba prosesa inayozungumzwa na mashabiki leo itafika mikononi mwa mwenye steshenari wa Basotu baada ya miaka mingi, ikiwa imeshachoka. Bei ya mtumba mwaka huu haiamuliwi na uvumi wa prosesa ya mwakani. Inaamuliwa na mambo matatu: ofisi za nje zinaondoa mashine gani kwa sasa, thamani ya shilingi dhidi ya dola, na gharama za usafirishaji.

Katika hilo la kwanza kuna tarehe inayojulikana wazi. Microsoft iliacha kutoa huduma ya kawaida ya usalama kwa Windows 10 Oktoba 14, 2025, huku ikitangaza nyongeza kwa watumiaji binafsi wanaojiandikisha hadi Oktoba 13, 2026. Windows 11 iliyochukua nafasi yake, kwa masharti ya Microsoft, inahitaji kwa sehemu kubwa prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au ya baadaye, au ya AMD ya rika hilo. Kwa hiyo ofisi nyingi zina sababu ya kuondoa mashine za kizazi cha sita na cha saba, na mashine hizo hutafuta soko kwetu. Ukiona laptopu ya bei ya chini kuliko kawaida, uliza kwanza ni ya kizazi gani. Huenda unafuu huo unatokana na kwamba muda wake umekwisha.

Kusubiri nako kuna bei

Wapo watakaosema kwamba kompyuta hushuka bei siku zote, kwa hiyo anayesubiri hapotezi kitu. Kwa miaka mingi mwelekeo ulikuwa huo, lakini si kila wakati. Mwishoni mwa mwaka 2025 bei za memori zilipanda kwa kasi duniani, kwa sababu watengenezaji walielekeza uzalishaji kwenye vituo vikubwa vya akili mnemba. Desemba mwaka huo kampuni ya Micron ilitangaza kuachana na biashara yake ya Crucial iliyokuwa ikiuza memori kwa watumiaji wa kawaida. Aliyekuwa anasubiri prosesa mpya ishushe bei alikuta memori imepandisha bei ya kompyuta nzima.

Tufanye hesabu kwa mfano. Tuseme laptopu ya mtumba inauzwa Sh500,000, na unaamini kwamba baada ya miezi sita itashuka kwa Sh80,000. Tuseme pia steshenari yako, baada ya kutoa karatasi, wino, umeme na pango, inakuachia Sh4,000 kwa siku, na unafungua siku 24 kwa mwezi. Miezi sita ni siku 144, sawa na Sh576,000. Umesubiri uokoe Sh80,000, ukaacha Sh576,000. Hasara yako ni Sh496,000, karibu bei nzima ya kompyuta.

Hesabu hiyo inaweza pia kugeuka. Gawanya Sh80,000 kwa siku 144, utapata takriban Sh560 kwa siku. Kama eneo lako lina wateja wachache kiasi kwamba kompyuta haiwezi kukuachia hata hiyo Sh560, basi kusubiri ni sahihi, na pengine biashara yenyewe uifikirie upya. Vilevile, kama fedha ni ya mkopo wa kikundi kwa riba ya mfano wa asilimia tano kwa mwezi, Sh25,000 itatoka kila mwezi kabla hujahesabu faida. Na kama tayari unayo kompyuta inayofanya kazi vizuri, huna haja ya kukimbilia nyingine kwa sababu tu majirani wamenunua.

Mbaazi na kompyuta havifanani

Wakulima wa ukanda huu wanajua sana biashara ya kusubiri. Anayelima vitunguu saumu Bashay au mbaazi Hanang hujiuliza kila msimu auze sasa au ahifadhi. Agosti 2017 India iliweka ukomo wa tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zinazoingia nchini humo, na bei ya mbaazi Tanzania ikaporomoka. Aliyekuwa ameshikilia mzigo kwa kuamini maneno ya mnadani aliumia.

Hata hivyo kuna tofauti moja muhimu. Mbaazi iliyo stoo ni mali: inaweza kuliwa, inaweza kuuzwa msimu mwingine, na bei yake inaweza kupanda. Kompyuta ambayo hujainunua haikuingizii chochote, na ukishainunua thamani yake inaanza kupungua. Kwa hiyo swali la mkulima mwenye mbaazi ni "bei itakuwaje?", wakati swali la mnunuzi wa kompyuta ni "itanifanyia kazi gani, na kwa siku ngapi?" Anayechanganya maswali hayo mawili atakaa na fedha mkononi hadi iishe.

Somo kwa anayeuza

Wafanyabiashara nao wana la kujifunza. Mwaka 1981 kampuni ya Osborne ya Marekani ilianza kuuza kompyuta ya kubebeka kwa dola 1,795, na ikauza sana. Mwaka 1983 ikaanza kuzungumzia mashine mpya zaidi wakati ya zamani bado imejaa ghalani. Wateja wakaacha kununua wakisubiri mpya. Wachambuzi wanabishana kama hiyo ndiyo sababu kuu, lakini Septemba 1983 kampuni ilifilisika.

Mwenye duka la simu, la mbegu au la vipuri vya pikipiki anaweza kujiua kwa njia hiyo hiyo. Ukimwambia kila mteja kwamba "mzigo mpya unaingia wiki ijayo", unamfukuza mteja wa leo. Uza kwanza ulichonacho, au weka bei ya kukimaliza, ndipo utangaze kipya.

Uangalie nini unaponunua

Kwanza, soma namba ya prosesa, usiishie kwenye "Core i5" au "Core i7". Kwa Intel za miaka hiyo, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndicho kizazi: i5-6300U ni cha sita, i5-8250U ni cha nane. Wauzaji wengi hutamba kwa neno "i7", lakini i7-7500U ina viini viwili, wakati i5-8250U ina vinne.

Pili, memori isipungue GB 8, na diski iwe ya SSD. Kwa kazi za steshenari, mashine ya zamani kidogo yenye SSD itamridhisha mteja kuliko prosesa kali yenye diski ya zamani inayozunguka.

Tatu, chagua laptopu yenye betri inayoshika. Umeme ukikatika katikati ya fomu ya mteja, betri ndiyo itakayokuokoa.

Nne, jaribu mashine mbele ya muuzaji: iwake, ichajiwe, iunganishwe na intaneti na printa, na udai risiti na dhamana ya maandishi, hata ya mwezi mmoja.

Tano, weka nakala ya kazi na hesabu zako mahali pengine. Tope lililoshuka kutoka Mlima Hanang Desemba 3, 2023 liliingia katika nyumba na maduka ya Katesh. Kompyuta inanunulika tena, lakini orodha ya wadeni ikipotea, fedha yako imekwenda.

Ukiambiwa tena kwamba "kuna prosesa inakuja", uliza mambo matatu: nani amesema, itatoka tarehe ipi, na itafika huku kwa bei gani. Asipoweza kujibu, rudi kwenye hesabu ya siku 144 ukiweka namba za duka lako mwenyewe. Wahenga walisema subira yavuta heri, lakini walisema pia kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Hesabu ndiyo itakayokuonyesha uko upande gani.