Simu Isiyotarajiwa na Jibu la Mama

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani, kijijini kwetu mkoani Geita. Jioni moja, mama akichambua dagaa, simu yake iliita. Namba ngeni.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, mwanangu.”

Binti huyo alimtaja mama kwa jina, akasema anafanya utafiti kuhusu huduma za jamii, akaomba dakika kumi na tano. Mama alinitazama kwa wasiwasi. Nani asiyeujua ule ujumbe wa matapeli, “ile pesa tuma kwenye namba hii”? Hata hivyo alijibu. Maji? “Tunashukuru, yapo.” Zahanati? “Dawa zipo.”

Asubuhi ileile mimi na mdogo wangu tulikuwa tumesukuma baiskeli yenye madumu manne kutoka kisimani, mwendo wa saa nzima.

Nilipomuuliza kwa nini amejibu hivyo, alisema: “Yule ananijua jina na kijiji. Mimi simjui. Nikisema vibaya, kesho atakuja nani?”

Mimi ninayesomea kuifundisha amri ya nane nilikosa la kusema. Ni kweli hakusema ukweli, lakini hofu yake haikutoka hewani. Tangu 2013 taasisi ya Twaweza imekuwa ikiwapigia wananchi simu kupitia Sauti za Wananchi. Mwanzoni iligawa simu na chaja za sola kwa kaya zipatazo 2,000 za Tanzania Bara. Julai 2018 ilitangaza kuwa wanaoukubali utendaji wa Rais walikuwa wamepungua hadi asilimia 55. Siku chache baadaye COSTECH iliitaka ijieleze kuhusu kibali cha utafiti huo. Ikiwa anayeuliza anabanwa, anayejibu atajisikiaje?

Kwa maoni yangu, mzigo wa kwanza ni wa anayepiga. Aseme ametumwa na nani, taarifa zitatumikaje, na kwamba mtu ana haki ya kukataa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inataka mtu aelezwe lengo la kukusanya taarifa zake. Tena matokeo yarudi kijijini, yasomwe kwenye mkutano wa hadhara, si kuishia hotelini Dar es Salaam.

Mzigo wa pili ni wetu. Nambari ya siri na pesa usimpe mtu yeyote kwa simu. Lakini ukishajiridhisha kuwa mwulizaji ni wa kweli, sema kweli. Anayesema “maji yapo” hajisemei peke yake; anamsemea na jirani mjamzito anayebeba ndoo kichwani. Tukiifunika shida yetu kwa adabu, tusishangae kisima kikichimbwa kwingine.

Nilimweleza mama hayo. Akacheka. “Basi wakipiga tena nitakupa wewe uongee. Mabega yako bado yanauma.”