Dawa Ichague Shabaha, Isichague Mgonjwa

Huenda msomaji akashangaa kuona jarida la seminari likijadili kemia ya dawa. Tunaijadili kwa sababu dawa huamua nani atapona na nani ataachwa njiani, na swali hilo ni la Injili kabla halijawa la maabara. Safari hii tunazungumzia dawa mpya zinazolenga sehemu moja ya kinga ya mwili iitwayo komplementi. Tunazitazama tukiwa Haydom, si Basel wala Boston.

Komplementi ni kundi la protini zaidi ya 30 zinazozunguka katika damu. Jules Bordet, Mbelgiji aliyepewa Tuzo ya Nobeli ya mwaka 1919, ni mmoja wa waliozitambua mwanzoni. Bakteria anapoingia mwilini, protini hizi huamshana moja baada ya nyingine, kama wanakijiji wanaopokezana yowe usiku, mpaka adui atobolewe. Lakini kwa baadhi ya watu yowe hupigwa pasipo mwizi, na wanakijiji huanza kubomoa nyumba zao wenyewe. Figo huharibika na chembe nyekundu za damu hupasuliwa.

Kutuliza yowe hilo si kazi nyepesi. Protini mbili zinazolengwa, faktari B na faktari D, ni vimeng'enya vya ukoo mmoja na thrombini, inayosaidia damu kuganda, na tripsini, inayosaga chakula katika utumbo. Ni kufuli za fundi mmoja. Dawa inayofungua kila kufuli itatuliza ugonjwa huku ikimfanya mgonjwa avuje damu. Ndiyo maana wanakemia walihangaika miaka mingi kuchonga molekuli ndogo inayoingia kufuli moja tu.

Tiba ya kwanza, ekulizumabu, iliidhinishwa Marekani mwaka 2007. Ni kingamwili: molekuli kubwa inayotengenezwa na seli hai, huhifadhiwa kwenye baridi, na mgonjwa huwekewa dripu kila baada ya wiki mbili. Bei yake iliiweka kati ya dawa ghali kuliko zote duniani. Iptakopani, iliyoidhinishwa huko Desemba 2023, huzuia faktari B nayo humezwa kama kapsuli mara mbili kwa siku. Kwa mtu wa Yaeda Chini, ambaye kufika hospitali wakati wa masika ni safari ya kuombea, tofauti ya dripu na kapsuli ni kubwa mno. Tena molekuli ndogo ni rahisi zaidi kwa viwanda vingine kuitengeneza, iwapo sheria itaviruhusu.

Tunafurahi, lakini tuna neno. Ukituliza walinzi, mwizi wa kweli hupata mwanya. Dawa hizi hutolewa na onyo kali kuhusu bakteria wa homa ya uti wa mgongo na nimonia. Mgonjwa atakiwa kuchanjwa walau wiki mbili kabla ya kuanza dawa, na kukimbilia hospitali mara homa inapoanza. Onyo hilo linamfikiria mtu mwenye hospitali jirani. Hapa kwetu, chanjo dhidi ya meningokoki haimo katika ratiba ya kawaida ya watoto, na homa ya kwanza mara nyingi hudhaniwa malaria. Dawa iliyobuniwa bila kutufikiria inaweza kutufikia ikiwa na hatari ambayo haikupimwa kwetu.

Mfano tunao. Haidroksiyurea, kapsuli ya kutibu selimundu, iliidhinishwa Marekani mwaka 1998. Afrika Mashariki ina watoto wengi sana wenye ugonjwa huo, lakini wengi waliogopa kwamba dawa hiyo ingewazidishia malaria. Jibu lilipatikana mwaka 2019, utafiti uliofanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda ulipotangazwa. Watoto zaidi ya 600 walipewa dawa, na malaria ikapungua badala ya kuongezeka. Vifo navyo vilipungua. Tulingoja zaidi ya miaka ishirini ili tuulizwe swali letu wenyewe.

Kuna watakaosema kwamba haya ni anasa, kwa kuwa zahanati zetu hukosa hata dawa za kawaida. Tunakubali kwamba antibiotiki na damu salama vitangulie. Lakini anayesubiri mpaka mlo uive ndipo aulize sahani, hukuta sufuria tupu. Tena Haydom haiombi sadaka. Hospitali ya Kilutheri Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955, ilikuwa kituo kimoja kati ya vinane katika nchi nane vya utafiti wa MAL-ED kuhusu lishe na maambukizi ya watoto. Baadaye watoto 1,188 wa eneo hili walishiriki utafiti wa ELICIT. Dawa zilizojaribiwa hazikuwaongezea urefu, na dunia nzima ikajifunza kutokana na jibu hilo. Wazazi wa Kiiraqw na Kidatoga waliowaleta watoto wao wameshatoa sehemu yao.

Kanisa nalo lina mafundisho ya kusimamia. Mwaka 2009, katika waraka Caritas in Veritate, Baba Mtakatifu Benedikto XVI alikemea ukali wa nchi tajiri katika kulinda hakimiliki za maarifa, hasa katika afya. Kanuni za Shirika la Biashara Duniani zinaziruhusu nchi zenye maendeleo duni zaidi, Tanzania ikiwemo, kutolinda hataza za dawa mpaka mwanzoni mwa 2033. Muda huo unayoyoma.

Kwa hiyo tunaiomba Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, ambamo Wakatoliki na Walutheri hukaa meza moja, iulize mapema kuhusu kila dawa ya aina hii: imejaribiwa kwa wagonjwa gani, itakuja na chanjo zipi, na nani ataruhusiwa kuitengeneza kwa bei nafuu? Nanyi mafrateri, msiyaachie maswali haya madaktari peke yao. Mtakapopewa parokia, mgonjwa atawauliza ninyi kwa nini dawa ipo na yeye hana.